Naishi Arusha kwa pasi ya mgeni, na afisa wa mpakani ameanza kuniuliza maswali

Shikamoo Mama,

Mimi ni msichana wa miaka 29, mzaliwa wa Nakuru, Kenya. Kazi yangu ni kuunda programu za simu, na naifanya kwa mkataba na kampuni moja ya Toronto, Kanada. Ofisi yao sijawahi kuikanyaga. Tunaonana kwenye skrini, wananilipa kupitia benki yangu ya Kenya, na maisha yanaendelea.

Nilikuwa nikikaa Kasarani, Nairobi. Baba alipofariki mji ule ulinishinda kabisa. Usingizi ulipotea, nikawa nafungua kompyuta asubuhi na kuifunga usiku bila kujua nimefanya nini. Rafiki yangu tuliyesoma naye, ambaye anafanya kazi Arusha, akaniambia njoo upumzike kidogo. Nikapanda basi dogo la Namanga nikiwa na begi moja na laptop. Mama, nilipumua. Sikurudi tena ila kwenda kufunga nyumba ya Kasarani na kuuza vitu.

Sasa naishi Njiro, chumba na sebule ndani ya geti, mlima Meru unaonekana vizuri asubuhi kabla ya mawingu. Chakula cha soko la Kilombero kinanitosha kwa pesa ambayo Nairobi ingeisha siku mbili. Naimba kwaya. Nimepata watu wanaonijulia hali. Sitaki kuondoka, na ndiyo sababu nimeandika.

Naingia Tanzania kama mgeni. Hugongewa muhuri wa miezi mitatu. Ikikaribia kuisha naenda Namanga, natoka, nakunywa chai upande wa Kenya, narudi jioni. Safari ya mwisho afisa alizipitia kurasa za pasipoti yangu taratibu, akaniuliza, "Dada, huku unafanya nini hasa?" Nikamjibu natembelea marafiki. Akaniangalia, akasema, "Wakati mwingine njoo na karatasi zinazoeleza." Akagonga muhuri. Tangu siku hiyo nikisikia geti linagongwa moyo unaruka.

Geti lenyewe lilishagongwa kweli. Kwa sababu ya saa za Kanada, kazi yangu inaanza alasiri na kuisha usiku wa manane. Majirani wanaona msichana anayelala asubuhi, taa inawaka usiku kucha, hana ofisi, pesa anayo. Maneno yamezunguka mpaka mwenyekiti wa mtaa akaja na mjumbe kuuliza mimi ni nani. Walikuwa na adabu, lakini sikuwa na la kuwaonyesha zaidi ya pasipoti.

Kampuni nayo haijui niko Tanzania. Mkataba wangu umeandikwa kwamba nafanyia kazi Kenya. Intaneti ilipozimwa wakati wa uchaguzi wa Oktoba 2025, nilipotea hewani kukiwa na kazi ya kukabidhi. Iliporudi nikawaambia kulikuwa na hitilafu Nairobi. Msimamizi wangu akajibu kwamba mwenzangu wa Nairobi alikuwa kazini siku zote hizo. Hajauliza tena, lakini maneno yake yamekuwa mafupi.

Lililo zito zaidi ni mama yangu mzazi. Hakujua kuwa nimehama. Alikuwa amezika mume, nami nikaona nikimwambia naenda nchi nyingine ataona namkimbia. Siku zile za kuzimwa mtandao alinitafuta WhatsApp akanikosa, laini yangu ya Kenya nayo ilikuwa imezimwa. Akapanda matatu kutoka Nakuru hadi Kasarani. Akamkuta mpangaji mwingine. Tulipoongea alilia tu, akakata. Sasa nikipiga anapokea kaka yangu, anasema mama anapumzika.

Mwisho, kuna mambo mawili ya pesa. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mbele, kwa dola, na muda wake unaangukia mwezi uleule ambao muhuri wangu unaisha. Na jirani yangu, dada mmoja mwema sana, ananishauri tufungue kibanda cha kutuma na kutoa pesa pamoja na saluni pembeni: mtaji wangu, jina lake, tugawane faida. Anasema nikiwa na biashara nitaonekana mtu wa hapa.

Nilipe kodi nibaki, au nifungashe? Na mama nimwambie nini?

Mkenya wa Njiro

*

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa kumpoteza baba. Nakuona ulivyochoka. Mtu aliyepoteza usingizi Nairobi akaupata Njiro hawezi kuambiwa kirahisi "rudi kwenu", na mimi sitakuambia hivyo. Lakini nitakuambia mambo mengine ambayo si mepesi.

Kwanza, hiyo kodi ya miezi sita usiilipe bado. Mwombe mwenye nyumba akupe mwezi mmoja au miwili, hata kama ataongeza kidogo. Usiweke pesa ya nusu mwaka kwenye nchi ambayo hujui kama utaruhusiwa kukaa nusu mwaka. Na ukilipa, ulipe kwa shilingi. Kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zilizotoka Machi 2025 zimekataza kupanga bei na kulipana kwa dola kwa bidhaa na huduma za ndani ya Tanzania. Arusha ni mji wa watalii na mazoea ya dola yamekaa sana, kwa hiyo mwenye nyumba wako huenda hakuombi kwa nia mbaya. Mwambie kwa upole kwamba unataka mkataba wa shilingi, wenye majina yenu wote wawili, na risiti. Karatasi hiyo utaihitaji.

Sasa tuje kwenye muhuri, maana hapo ndipo moyo wako unaporuka.

Kenya na Tanzania zote zimo katika Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyosainiwa Novemba 2009 na kuanza kutumika Julai 1, 2010. Itifaki hiyo imempa raia wa nchi mwanachama haki ya kuingia nchi nyingine bila viza, na kanuni zake zinasema mgeni anaweza kupewa pasi ya kukaa hadi miezi sita. Neno "hadi" ndilo wengi wanaloliruka. Anayeandika siku ni afisa, na siku zako ni zile alizoandika yeye, si zile ulizosikia kwa abiria mwenzako kwenye basi.

Itifaki hiyohiyo imetenganisha watu. Kuna anayetembea, anayeajiriwa, anayejiajiri au kufungua biashara, na anayeamua kukaa. Kila mmoja ana kifungu chake na karatasi zake. Wewe umeingia kwa mlango wa anayetembea, na sasa una kitanda, jiko, kwaya na kazi ya kila siku. Kutoka Namanga na kurudi jioni si kosa kwa lenyewe. Tatizo ni kumwambia afisa wa serikali maneno yasiyo kweli kuhusu kilichokuleta, maana chini ya Sheria ya Uhamiaji hilo linaweza kukufanya uondolewe nchini na kuzuiwa kurudi. Yule kijana wa mpakani hakukuonea, mwanangu. Alikupa nafasi, akakueleza na cha kuleta. Usirudi kwake na jibu lilelile.

Najua unachojiambia, kwa sababu nimekisikia kwa vijana wengi wanaofanya kazi kama yako: "Pesa inatoka Kanada, simnyang'anyi Mtanzania ajira, kwa hiyo sifanyi kazi hapa." Hoja hiyo ina mantiki mezani, lakini usiitegemee mbele ya dirisha la Uhamiaji. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2015 inayosimamia ajira za wageni inamtaka asiye raia awe na kibali cha kazi kabla ya kufanya kazi nchini, na mikono yako inafanya kazi ikiwa Njiro. Kenya mwaka 2024 ilitangaza kibali maalumu, daraja N, kwa wageni wanaofanya kazi za mbali. Vibali vya ukaazi vya Tanzania ni vya madaraja matatu. A ni ya wawekezaji na waliojiajiri, B ni ya walioajiriwa, na C ni ya wengine kama watafiti, wanafunzi, wamisionari na wastaafu. Mtu wa laptop mwenye mteja ng'ambo hakuandikiwa mlango wake hapo. Naona ni jambo la kusikitisha, hasa katika mji ambao ndio makao makuu ya Jumuiya yenyewe, na natamani wakubwa wetu walitazame. Lakini wewe utaishi na sheria iliyopo leo.

Kwa hiyo, kwa ninavyoona, una njia mbili za kukaa bila kuruka geti likigongwa.

Ya kwanza ni kuufanya Arusha kuwa mahali unapotembelea kweli. Uwe na chumba chako Kenya, hata kama si Nairobi. Nakuru kwenu kupo, na kazi yako haidai uwe Kasarani. Kazi uifanyie huko. Kisha uje Arusha kwa majuma machache, uimbe na wenzako, upumzike, urudi. Muhuri wa namna hiyo unaelezeka kwa afisa yeyote kwa sentensi moja ya kweli. Utapoteza chumba cha Njiro, najua. Marafiki utabaki nao.

Ya pili ni kuhamia kweli. Yaani kampuni yako ikubali kukuajiri kupitia kampuni iliyosajiliwa Tanzania, ambayo itakuombea kibali cha kazi kwa Kamishna wa Kazi na cha ukaazi Uhamiaji, au uombe kama mtu aliyejiajiri ukitumia kifungu cha itifaki kinachohusu kujiajiri. Njia hii inachukua pesa, muda na subira, na inaweza kukataliwa. Usiianze kwa kumtumia mtu wa kijiweni anayesema ana "mjomba ofisini". Nenda mwenyewe ofisi ya Uhamiaji ya mkoa, ukiwa na wakili aliyesajiliwa kama unaweza kumlipa, na uende kabla muhuri haujaisha. Anayekwenda kuuliza akiwa bado na siku zake anapokewa tofauti kabisa na aliyekamatwa akiwa hana.

Ukiniuliza mimi, chukua ya kwanza kwa mwaka huu. Si kwa sababu ya sheria tu. Nitaeleza nikifika kwa mama yako.

Mwenyekiti wa mtaa usimwogope. Hapa kwetu mpangaji mpya kujitambulisha serikali ya mtaa ni jambo la kawaida, hata kwa Mtanzania aliyetoka Singida. Nenda ofisini kwake mchana, ukiongozana na mwenye nyumba, mpe nakala ya pasipoti na mkataba wa nyumba, mweleze kwa nini taa yako inawaka usiku: wenye kazi wako Kanada, kwao ni mchana. Watu wakishajua, maneno yanapoa. Wasipojua, kila mmoja anajaza lake, na msichana anayelala asubuhi hujaziwa mabaya. Na usimwambie mwenyekiti hadithi tofauti na utakayomwambia Uhamiaji.

Mteja wako wa Toronto ndiye wa kuandikiwa wiki hii hii. Mkataba unasema Kenya. Hilo halikuandikwa kwa urembo. Lina uzito kwenye kodi, bima, na usalama wa taarifa za wateja wao. Ameshakushtukia, na kila siku unayonyamaza inampa sababu ya kufikiri kuna kingine unachoficha. Mwandikie kwamba umekuwa ukikaa Tanzania tangu lini, kwa nini, kwamba ile siku ya kukabidhi kazi intaneti ilizimwa nchi nzima, na kwamba ulipaswa kumwambia wakati ule. Usimwandikie kurasa tatu za msiba. Sentensi moja kuhusu baba inatosha. Kisha mpe mpango: lini unarudi Kenya, au unaomba nini kutoka kwake kama unataka kubaki.

Kwenye mpango huo weka na suala la mtandao, maana litajirudia popote Afrika Mashariki. Mei 12, 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na Tanzania ikaumia sana. Kenya pia ilipungukiwa. Huko ni kukatika kwa bahati mbaya. Kuzimwa ni kitu kingine: Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, mtandao Tanzania ulikwenda na haukuanza kurudi mpaka Novemba 3. Uganda walizima wakati wa uchaguzi wa Januari 2021. Hata kwenu Kenya, Juni 25, 2024, siku ya maandamano makubwa, mtandao uliyumba vibaya. Mtu anayekula kwa intaneti katika ukanda huu anapaswa kuisoma kalenda ya uchaguzi kama mkulima anavyosoma mvua. Miezi ya uchaguzi katika nchi uliyopo, kabidhi kazi mapema, weka nakala ya kazi mahali ambapo mwenzako wa timu anaifikia, na mteja awe na namba ya kukupigia simu ya kawaida. Laini mbili za mitandao tofauti zinasaidia siku ya hitilafu ndogo, ila serikali ikizima, zinazimwa zote.

Kuna jambo dogo ambalo wenzako wengi hawalijui. Kama kampuni yako inakutaka uingie kwenye mfumo wao kwa VPN, yaani njia ya faragha ndani ya intaneti, Mamlaka ya Mawasiliano ya Tanzania, TCRA, ilitoa tangazo Oktoba 2023 kuwataka watu na makampuni wanaoitumia kwa kazi watoe taarifa zao. Usiitumie kimyakimya. Na usivuke Namanga na dishi la setilaiti ulilosajili Kenya ukidhani litakuokoa. Vifaa vya mawasiliano vinataka idhini ya nchi unayovitumia.

Kibanda cha pesa na saluni, hapana. Hilo silijadili sana. Julai 2025 serikali ilitoa amri yenye orodha ya biashara 15 ambazo asiye raia haruhusiwi kuzifanya, na kutuma na kutoa pesa kwa simu imo, saluni imo pia, isipokuwa iliyo hotelini au kwa ajili ya utalii. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 10, au kifungo, na kufutiwa viza na kibali. Na raia anayemsaidia mgeni kuifanya naye ana adhabu yake. Yaani huyo dada mwema angeumia pamoja nawe. Mwonyeshe hilo, naamini hajalijua. Ukitaka kumsaidia, mkopeshe kidogo kwa maandishi, au mpe tu, na biashara iwe yake peke yake, faida yake, maamuzi yake. Lakini usimwekee pesa kwa matumaini ya kuonekana mtu wa hapa. Watu wa Njiro wamekupokea bila kibanda.

Kodi ya mapato, unisikilize hata kama inachosha. Tanzania humhesabu mtu kuwa mkaazi kwa kodi akikaa siku 183 au zaidi ndani ya mwaka wa mapato. Kuna kipimo kingine cha wastani wa zaidi ya siku 122 kwa mwaka huo na miaka miwili iliyotangulia, na hicho ndicho kinachowanasa wanaokuja na kuondoka wakidhani hawajafika. Kenya nayo ina vipimo vinavyofanana, na kimojawapo kinasema mwenye makao ya kudumu Kenya akikanyaga huko hata kidogo mwaka huo anahesabiwa mkaazi. Unaona unavyoweza kudaiwa pande zote mbili. Nchi za Jumuiya zilisaini mkataba wa kuzuia kutozwa mara mbili mwaka 2010, lakini haujaanza kufanya kazi kwa sababu si wote walioridhia. Kwa hiyo kaa na pasipoti yako, andika kwenye daftari tarehe za kila muhuri, kuingia na kutoka, kisha ipeleke kwa mhasibu anayejua KRA na TRA, mamlaka za kodi za Kenya na Tanzania. Malipo yako ya Kenya yanaonekana benki, usije ukasubiri barua.

Na bima. Mfuko wa SHA, bima ya afya ya Kenya uliochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, usiutegemee kulipa bili yako ya hospitali ya Arusha. Umekuwa ukipanda bodaboda usiku ukiwa huna bima inayotambuliwa hapa. Nunua ya safari inayotaja Tanzania kwa jina kabla ya kupanda nyingine.

Sasa mama yako.

Umeandika kwamba aliona mpangaji mwingine, akalia, akakata simu. Hebu mfuate safari ile kwa hatua. Amezika mume. Habari za Tanzania ziko kila mahali, lakini hazimgusi, kwa sababu kwa ufahamu wake wewe uko Kasarani. Anakupigia, hupatikani. Anapanda matatu. Njia nzima kutoka Nakuru anafikiria nini? Anabisha hodi, anafungua mtu asiyemjua. Kwa dakika zile mama alikuwa amempoteza mtoto pia, na hakuna aliyemwambia vingine mpaka ulipopatikana. Hicho ndicho kilichomlaza. Usidhani amekasirika kwa sababu umekwenda Tanzania. Mama wa Nakuru anajua Arusha iko wapi. Basi la asubuhi linafika siku hiyohiyo. Angekubali, pengine kwa kunung'unika. Kilichomuumiza ni kwamba alikuwa na mtoto kwenye mtaa ambao mtoto hakuwepo.

Ulitaka kumlinda asiwaze kuwa unamkimbia. Sasa anawaza hivyo hasa, na ana ushahidi.

Usimtumie ujumbe mrefu, wala usimpitishie kaka yako maneno ya samahani. Nenda. Muhuri haujaisha, njia iko wazi. Kaa naye siku za kutosha, si mwisho wa juma, na usiende na laptop mkononi ukimwambia "nina kikao". Omba ruhusa ya siku kadhaa kwenye ileile barua ya mteja. Ukifika usianze kujieleza. Wewe ndiye uliyekuwa ukisema muda wote. Mwache aseme yeye, hata akinyamaza jioni nzima. Akikuuliza kwa nini, mwambie ukweli ulioniandikia mimi: kwamba baba alipoondoka hukuweza kulala, na ulipata pumzi mahali pengine, na uliogopa kumwambia. Inawezekana yeye pia halali. Mmekuwa mkiomboleza mtu mmoja katika nchi mbili, kila mmoja akimficha mwenzake.

Hii ndiyo sababu nilikuambia uchague njia ya kwanza kwa mwaka huu. Kufanyia kazi Nakuru miezi michache hakutakunyima chochote ambacho Toronto inakulipia, na kutampa mama yako kukuona ukila. Saa zako za alasiri hadi usiku zinakuachia asubuhi nzima kuwa naye. Baadaye, mkishatulia, mwombe mje Arusha pamoja. Mpeleke kanisani awaone wanakwaya, awajue kwa majina, achukue namba ya mwenye nyumba na ya huyo dada jirani. Halafu ukiamua kuomba kibali na kuhamia kweli, uamuzi huo ataujua tangu siku ya kwanza, na siku mtandao ukizimwa tena atakuwa na mtu wa kumpigia.

Na ile laini ya Kenya usiizime tena, hata kama huitumii. Iache kwenye simu ndogo, ichajiwe.

Kwa hiyo wiki hii: barua kwa mteja, mazungumzo na mwenye nyumba kuhusu mwezi mmoja kwa shilingi, ofisi ya mtaa, kisha Uhamiaji ukaulize ukiwa na pasipoti na mkataba wako wa Toronto, bila kuficha. Kisha Nakuru. Ukipita Namanga na afisa yuleyule akiwa dirishani, mweleze kwamba unarudi nyumbani, na kwamba umekwenda kuulizia utaratibu kama alivyokushauri.

Niandikie tena ukishatoka Uhamiaji, unieleze walichokujibu na karatasi walizokutaka. Nina barua nyingine mbili mezani za vijana walio kwenye hali kama yako, mmoja ni wa Kampala aliyeko Mwanza, na jibu lako litawasaidia nao.